Mama Mizani na Ndege ya Bosi Mabawa

Miaka yote aliyofanya kazi uwanja wa ndege, Mama Mizani hakuwahi kutaja uzito wa mtu kwa sauti. Ndege za shirika lao zilikuwa ndogo, za viti tisa, na kila abiria alipimwa pamoja na begi lake kabla ya kupanda. Yeye alisoma kilo, akamnong'oneza rubani, basi. Mnene akiona haya alimtania: "Shemeji, kaa mbele, rubani anapenda wageni wazito." Watu wakacheka, wakapanda.

Shirika lilinawiri kwa sababu moja tu: lilitua wasikotua wengine, kwenye viwanja vya nyasi huko milimani, ambako mvua ikinyesha barabara hugeuka uji. Kila mwezi mama mzazi wa Mama Mizani, mgonjwa wa moyo, alishuka kwa ndege hizo kwenda kliniki. Kilo arobaini na moja, pamoja na begi lake.

Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwenye shirika, waliyemwita Bosi Mabawa, alisifiwa mpaka kichwa kikavimba. Akauza ndege ndogo zote, akanunua moja kubwa, ya kupigia picha.

"Bosi, hili dude litatua wapi kule milimani?" Mama Mizani alimwuliza mbele ya watu.

"Acha mawazo ya kizamani, mama. Sisi sasa ni wa kimataifa."

Kimataifa, pua yake! Dude lilitaka lami ndefu, na lami ndefu ilikuwa kwenye miji ambako mabasi mazuri yalishafika zamani. Nani ahangaike na ndege? Likawa linaruka na viti vitupu, mwaka haukuisha likaegeshwa, majani yakaota kando ya magurudumu.

Mvua zilipoanza, mama mzazi alizidiwa. Wakampakia kwenye lori. Lori likakwama kwenye tope, akakata roho humohumo, kichwa kwenye mapaja ya mjukuu wake. Wanasema mchuma janga hula na wa kwao. Bosi alichuma janga, likaliwa na watu wa wenzake. Yeye na wa kwake walilala usingizi mnono.

Siku ya kufunga ofisi Bosi alikuja na suti na mpiga picha.

"Mama yangu, njoo tupige picha ya kuagana. Sisi ni familia."

"Panda mizani kwanza."

Akacheka, akapanda. Wafanyakazi wakasogea.

"Kilo mia moja na kumi!" Mama Mizani alipaza sauti, ikasikika mpaka getini.

"Aa, mama! Si huwa ni siri?"

"Siri ni ya abiria. Mama yangu alikuwa na arobaini na moja, Bosi. Arobaini na moja tu, na ukakosa ndege ya kumbeba."

Akachukua mkoba wake, akaondoka. Mpiga picha alishusha kamera. Bosi alibaki juu ya mizani, hajui ashuke au asishuke.