Darasa la Kutuzuia Kwenda Madras

"Mwongo!" nilimwambia memsahibu mbele ya wanawake wote, na mtoto wangu akaachia titi, akaanza kulia.

Memsahibu, Mzungu aliyewekwa kutufundisha, alikuwa ameshika picha ya ufuko. Alikuwa ametoka kutuambia kwamba alipokaa Madras, kila jioni yeye na mumewe waliketi barazani hotelini wakitazama jua likizama baharini. Akafumba macho kidogo, kama mtu anayeonja kumbukumbu.

Karani aliyetutafsiria akakohoa. Akamgeukia memsahibu, akamwambia kwa Kiingereza, "Mama huyu anauliza kuhusu hali ya hewa."

"Sikuuliza hali ya hewa," nikasema kwa Kiingereza hichohicho. "Nimesema ni mwongo."

Nilikuwa nimevumilia sana. Tulikuwa wanawake wachache ambao waume zetu walipata nafasi za kusoma India, na ofisi ya Bwana Shauri, Mwingereza mkuu wa wilaya, ilisema hakuna mke atakayepewa kibali cha kumfuata mumewe mpaka apite darasa la kuijua Madras, eti tusije tukashangaa mji. Mwisho wa darasa memsahibu angemwambia Bwana Shauri nani yuko tayari na nani hayuko. Nilitoka Kimandolu kwa miguu, mtoto mgongoni, mpaka kwenye chumba nyuma ya boma. Mume wangu alikuwa Madras tayari, akisomea udaktari wa mifugo. Alishapata chumba chenye jiko. Kahawa ya baba mkwe ilishalipa nauli ya meli. Kilichobaki ni karatasi moja yenye muhuri, na karatasi hiyo ilikuwa imefungwa mdomoni mwa mwanamke huyu.

Siku ya kwanza alitufundisha nyoka. Siku iliyofuata, kipindupindu. Kisha akasema kule hakuna maziwa ya kumpa mtoto, na mama mwenye mapenzi humwacha mwanawe kwa bibi yake. Mimi nikazipitia picha zake upya, moja moja. Majengo makubwa, treni, bandari, watu wamejaa barabarani. Hakukuwa na mtoto hata mmoja. Mji mzima ule, nani anazaliwa humo? Nikaanza kumtazama kwa jicho la pembeni.

Maana mume wangu alikuwa ameniandikia habari nyingine kabisa. Siku hiyo ya maziwa nilipitia kwa mama mkwe, upande wa Makumira, nikamkuta anachambua maharage.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umenuna hivyo?"

"Wanasema Madras hakuna maziwa. Na mwanao anasema kila asubuhi mtu anamleta ng'ombe mpaka mlangoni, anamkamua hapohapo unaona."

Akaacha maharage. "Ng'ombe mwenyewe anakuja kupiga hodi?"

"Ndivyo anavyosema."

"Na chombo? Anaweza kuja na maji chini ya chombo huyo. Mimi nawajua wauza maziwa."

"Anasema kina mama wa kule wanamwambia muuzaji akipindue kwanza, waone ni kikavu. Halafu wanamkagua mpaka mikono."

Mama mkwe alicheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga. "Basi hao ni watu kama sisi! Wanaibiana vizuri na wanashikana vizuri. Nenda, mwanangu. Mpeleke mtoto kwa baba yake."

Kwa hiyo mji ule nilishaufahamu kidogo kabla memsahibu hajafumba macho yake. Mwenzangu wa darasani anayekaa Daraja Mbili, mke wa mwalimu, alishaninong'oneza pia: "Dada, wanatuogopesha kusudi. Wahindi wameshajitawala. Wazungu wanaogopa waume zetu wakikaa kule na familia watatulia, watasikiliza mengi ya uhuru." Nikamwambia huenda. Sisi wa Meru tulishatazamwa vibaya tangu ugomvi wetu wa ardhi na serikali. Lakini huenda si ushahidi.

Ushahidi alinipa memsahibu mwenyewe, na jua lake. Mtoto yeyote wa huku anajua kwamba ukilielekea jua linapochomoza, mlima Meru uko mkono wako wa kushoto. Na shuleni nilichora ramani ya India mpaka vidole vikauma. Madras iko pwani ya mashariki. Bahari yake iko linakotokea jua. Ukitaka kuliona linazama baharini pale, labda usimame kwa kichwa, na hata hivyo hutaliona.

Nilimweleza hayo. Shingo yake ikawa nyekundu.

"Basi ilikuwa Bombay," akasema. "India ni India."

"Na Arusha ni Dar es Salaam?"

Wenzangu wakacheka. Memsahibu akakusanya picha zake, akasema nitaandikiwa kwamba siko tayari.

Nikaona heri nimtangulie kuandika. Nikamfuata karani mezani kwake.

"Naomba karatasi."

"Mama, jamani, utaniponza."

"Bwana karani, karatasi."

Akanipa. Niliandika hivi, na hivi ndivyo nilivyomkabidhi mlinzi wa mlango:

*Kwa Bwana Shauri, Arusha. Bwana, namshtaki mwalimu uliyetuwekea. Anatufundisha mji ambao hajawahi kufika. Amekiri mbele yetu kwamba alichokiona ni Bombay. Kwa maneno ya mtu huyo mnataka kumtenga binti yangu na baba yake. Nyoka tunao Meru na watoto tunalea. Chumba kipo, nauli imelipwa, na maziwa yapo. Nikikosea, niulize mwenyewe swali lolote kuhusu Madras, kisha muulize na yeye, sote tukiwa mbele yako. Naomba kibali changu na cha mtoto wangu. Niko kwenye benchi nje ya mlango wako. Mtoto amelala. Akiamka atalia, na mimi sitamnyamazisha.*