Haina Upande wa Pili

Jumamosi ile niliyoenda na kaka yangu kununua sidii ya kwanza ya maisha yetu, mwanangu, nikiikumbuka huwa nafurahi kwanza, halafu ndiyo naona aibu. Nianze na furaha, maana furaha yenyewe fupi.

Zilikuwa zile zama za ruksa, vitu vya nje vinaingia mjini kila kukicha na majina yake mapya. Sie tulikuwa tunakaa Tandika, Temeke kule, chumba na ukumbi, mie na kaka Idi. Mama alifariki mie nina miaka sita. Idi akaacha shule, akaingia gereji kuosha spea kwa petroli, mpaka akawa fundi. Hata kunisuka alijifunza mwenyewe. Mistari inapinda kichwani kama njia ya mlevi, na mie naringa nayo mtaa mzima. Kwa hiyo ukimgusa Idi, umenitia kidole cha jicho.

Shule niliishia la saba. Kilichobaki nilijifundisha mwenyewe, kwenye magazeti ya kufungia vitumbua na kwenye makaratasi ya kaseti. Kiingereza changu cha kuokoteza. Mtu wa hivyo ana kidonda kimoja: usimwambie hujui. Niite mbaya, niite masikini, nitacheka na wewe. Lakini ukiniambia "hujui", siku ile hatulali.

Idi alinunua redio kubwa ya mtumba, ina kimlango juu cha kuwekea sidii. Mwaka mzima kile kimlango tunakifungua na kukifunga tu, hamna cha kuweka. Ndipo Jumamosi hiyo tukaenda Mwananyamala, kwenye duka la muziki alilolisikia kwa wenzake wa gereji.

Santuri za zamani ziko chini, kaseti zimepanda ukutani mpaka dari, na sidii zimekaa peke yake kwenye kabati la kioo kama dhahabu kwa sonara. Siku zile raha ya duka la muziki haikuwaga kununua, ilikuwa kusimama. Unamwambia muuzaji jaribisha ile, jaribisha hii, mpaka akuone huna mpango, apunguze sauti. Ndiyo namna yake ya kukufukuza. Na majina ya nyimbo nani aliyajua? Nyimbo zenyewe za Zaire, maneno tunajitungia. Idi, mtu ambaye hata gereji hasikiki, ilibidi amwimbie muuzaji mbele za watu. Akaimba anaangalia viatu vyake. Muuzaji, kijana mwembamba mwenye lafudhi ya bara, hakucheka. Akafumba macho, akasikiliza mpaka mwisho, akafungua kabati akaitoa sidii yenyewe. Akaifuta kwa pindo la shati. Ile nyimbo ilipolia kwenye spika ya mlangoni, kaka yangu alitabasamu mpaka nikaona jino ambalo sijawahi kuliona.

Furaha iliishia nyumbani, mchana uleule. Majirani walijaa ukumbini mpaka wengine wakakaa kizingitini. Sidii ikalia, ikalia, mpaka ikanyamaza yenyewe. Mtu mmoja akasema, "Geuza."

Usicheke, mwanangu. Santuri ina pande mbili, kaseti ina pande mbili. Hakukuwa na nyumba Tandika ambayo muziki ukiisha watu hawasemi geuza. Idi akageuza, akafunga kimlango. Redio ikakwaruza kidogo, ikakaa kimya, halafu ikawasha neno jekundu. Mie msomi wa nyumba nikainama kulisoma. Lilikuwa "no". Nikawatangazia: hapana. Yaani upande huu hamna kitu.

Na kipindi kile kulikuwa na wahuni wenye vibanda vya kurekodia kaseti. Unalipia kaseti nzima, anakujazia upande mmoja. Ukigeuza wa pili unasikia upepo tu. Sie tukaona mchezo ni uleule, umebadilisha nguo. Mama Shani wa chumba cha pili akasema, "Masikini Idi, kavuka mji mzima kwenda kununua nusu sahani." Watu wakacheka. Idi naye akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayejifunika. Hicho ndicho kilichonitia wazimu.

Yeye alisema tusigombe, Jumatatu akitoka gereji atapita akamuulize yule kijana taratibu. Akanigeukia mie. "Wewe usiende. Wewe ukiuliza, unapiga."

Jumatatu asubuhi nikaenda.

Duka ndiyo kwanza limefunguliwa. Barabara imejaa: wanaopeleka chakula hospitali, vijana wa kubeba mizigo, na wengine wamekaa tu wanasubiri siku iwaletee chochote. Barazani kwa duka alikaa fundi redio, mzee mmoja anaitwa Mzee Sudi, anachomelea nyaya zake. Nilimpita bila shikamoo. Nikaibwaga sidii juu ya kioo, nikasema nataka upande wa pili.

Yule kijana hakuelewa. Nikamweleza kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara: tumeigeuza, upande wa pili mtupu, kaka yangu kachekwa na mtaa.

"Sista," akasema, "hii haina upande wa pili."

Nikawageukia watu wa nje. "Jamani mmesikia? Kakiri mwenyewe."

Kijana akatabasamu, akanyanyua mkono kama anayeomba nafasi. "Hapana, ni vile hujui tu. Hata mimi..."

Hujui. Baada ya hapo sikusikia tena. Nikatoka mlangoni, nikalitoa kwa pumzi yote: mwizi.

Mwanangu, wazee wanasema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mie nilikuwaga naona ni maneno ya watu waoga. Matusi mengine, mjinga, mshenzi, yanamfikia uliyemtukana yanaishia hapo. Lile moja haliishii kwake. Ukishalitoa siyo lako, ni la barabara nzima. Walikuja watu ambao sijawahi kuwaona, wala hakuna hata mmoja aliyeniuliza nimeibiwa nini. Wakamvuta nje. Mie nilitaka akome, arudishe mali, amtake kaka yangu radhi. Sikutaka yale. Nikapiga kelele, basi, mwacheni, basi, lakini nilikuwa mie nani tena? Sauti iliyowaita haikuwa na uwezo wa kuwarudisha. Nikasukumwa nikaanguka. Nikiwa pale chini nikasikia mtu anaulizia tairi la kumchomea.

Mzee Sudi akaweka chini chuma chake cha kuchomelea. Akapita katikati ya miguu ya watu, akamlalia yule kijana kifudifudi, na koti lake na kofia yake, mzee wa miaka sabini. Fimbo mbili zilimpata mgongoni kabla mikono haijasita. Halafu palepale chini akauliza, taratibu kama anaulizia bei ya mchicha:

"Kaiba nini?"

Wakaanza kuangaliana.

"Wewe mwenye rungu. Kaiba nini?"

Yule wa rungu hajui. Akamwangalia mwenzake, mwenzake hajui. Mwisho vidole vikanielekea mie.

"Njoo, binti," mzee akasema. "Sema. Watu wanataka kujua wanamuulia nini."

Nikasema: upande wa pili wa sidii. Nilivyolisikia likitoka kinywani kwangu mbele ya ile damu, nilitamani ardhi inimeze.

Hakuniuliza kwa nini. Aliuliza kama karatasi ya sidii ninayo, na ina nyimbo ngapi. Nikahesabu kwa kidole. Nane. Akauliza juzi nyumbani zililia ngapi. Nikafumba macho, nikazipanga kichwani moja moja, ile iliyoanza, ile ya gitaa refu, ile aliyoiimba Idi, mpaka ya mwisho. Nane. Sie tulihesabu pande, mwanangu. Nyimbo hatukuzihesabu.

"Hii inasomwa upande mmoja tu," mzee akasema. "Zote ziko huko."

Watu wakatawanyika, kila mtu ghafla kapata safari yake. Yule wa rungu akaliegemeza ukutani polepole, kama vile aliliazima tu. Hakuna aliyesema pole.

Mzee Sudi hakunitukana, na afadhali angenitukana. Aliniuliza tu, wakati tunamnyanyua yule kijana, "Jina lake unalijua?"

Nikasema silijui.

"Anaitwa Elisante. Nimekutajia, maana nusura umuue mtu na jina lake hulijui."

Tukampeleka hospitali, ni hapo karibu. Mungu mkubwa, alipona. Ila sikio la kushoto halikurudi. Na kazi yake muziki.

Jioni nilimweleza Idi yote, nikidhani angalau yeye atanielewa, kwa sababu nilifanya kwa ajili yake. Alikuwa ananawa mikono, grisi mpaka kwenye viwiko. Akaacha kunawa. Akaniuliza neno moja, "Nilikutuma?"

Akarudia, "Mie nilikutuma?" Kisha akaniambia kwamba kuanzia leo kule Mwananyamala yeye ndiye yule Idi aliyemtuma dada yake mpaka nusura mtu auliwe, na hilo hawezi kulinawa. Kuchekwa na Mama Shani kungeisha ndani ya wiki moja. Mie nilijiona nampigania. Kumbe nilikuwa namvalisha damu isiyokuwa yake.

Kesho yake tukaenda wote wodini. Elisante alikuwa amefungwa bendeji kichwa kizima. Nilipoanza kuongea akageuza uso upande wa pili, nikadhani hataki kuniona. Kumbe anatafuta sikio linalosikia. Nikapiga magoti pale kitandani, nikasema yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema:

"Sista, mimi sikukucheka. Nilitaka kukwambia hata mimi siku ya kwanza niliigeuza."

Hilo tu. Hiyo ndiyo sentensi niliyomkatia. Maneno machache, hata maji ya kunywa hayajapoa ungekuwa umeshayasikia. Angeyamaliza, tungecheka wote wawili, ningerudi Tandika nikawafundishe wenzangu. Sikumwachia.

Alisema kanisamehe. Idi alikuwa anaenda kila Jumamosi kumsaidia dukani, anamwambia wateja wameimba nini maana yeye hawasikii vizuri, mpaka mwisho wa mwaka Elisante akafunga duka akahama. Hatukujua kaelekea wapi. Majuto ni mjukuu, wanasema huja baadaye. Wangu alikuja na mizigo yake na bado anakaa kwangu.

Sasa wewe. Nimekuona juzi umeshika simu, mishipa imekutoka, unataka kumwanika yule dada aliyekuuzia gauni lisilokutosha, uweke na picha yake watu wamwone. Damu yangu hiyo, naijua. Nyie hamna haja ya kusimama mlangoni mpige ukunga, kidole kinatosha, na barabara yenu haina mwisho. Nami sikwambii unyamaze ukidhulumiwa. Mie mwenyewe mdomo ninao bado, waulize hapa mtaani. Ninachokwambia ni hiki: kabla hujamwita mtu jina baya, lijue jina lake zuri. Mwache amalize sentensi yake, hata kama mwanzo wake umekuchoma. Mwanzo wa maneno ya watu mara nyingi unachoma. Dawa inakujaga mwishoni. Akikwambia hujui, vuta pumzi ujiulize, je, kweli ninajua? Kutojua hakujamtoa mtu damu. Kujifanya unajua ndiko kunakotoa. Na umpendaye, mpiganie kwa kadiri alivyokutuma. Ukizidisha, unapigania hasira zako kwa kutumia jina lake.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe sikio linalotangulia ulimi. Akuepushe na siku ya kuwa chini ya miguu ya watu, na ikikufika, akuletee mmoja wa kukulalia. Na siku watu wamemzunguka mtu mwingine na wewe umo ndani ya kundi, akupe moyo wa kuwa wa kwanza kuuliza kaiba nini. Amina.