Makofi Kwenye Mkato

Mwalimu Abednego aliwadharau wazazi wa shule yake, tena hakujificha. Kwake walikuwa wachunga ng'ombe na walima tumbaku tu, watu wasiojua hata salamu ya Kiingereza. Ndiyo maana mahafali ya mwaka 1994 yalipokaribia, alikataa katakata risala isomwe kwa Kiswahili, ingawa ilibeba ombi moja tu: mabati ya bweni la wasichana lililoezuliwa na upepo. Nyanzala, mama yake Minza, alikuwa ameshasema kwamba mabati yasipopatikana, mwanawe hatanyeshewa shuleni, atamrudisha nyumbani.

Msomaji wa risala alikuwa Minza huyohuyo, wa kidato cha tatu. Wiki mbili nzima mwalimu alimsugua. Kielezi kikianza sentensi, kinafuatwa na alama ya mkato. Kwenye mkato unanyamaza, unahesabu moja mpaka tatu.

"Aliyesoma ataisikia hiyo mikato," alisema kwa maringo. Aliyesoma! Katika mji mzima wa Mpanda alikuwa akijihesabu yeye tu.

Siku ikafika. Mgeni rasmi, Bwana Telesphor, mwenye mashine ya kusaga kule Shanwe, akaketishwa mbele. Minza akaanza.

"Unfortunately," akanyamaza. Moja, mbili, tatu.

Wazazi, kwa heshima zao, wakaona mtoto kamaliza jambo zuri. Makofi! Vigelegele! Mtoto anasema kwa bahati mbaya bweni limeezuliwa, wao wanashangilia. Kila kielezi mkato, kila mkato makofi. Abednego akasaga meno. Mbumbumbu hawa! Wazo la kusimama awaeleze kwa Kiswahili halikumjia hata kidogo.

Bwana Telesphor, ambaye Kiingereza chake kiliishia kwenye "good morning", naye alipiga makofi mpaka mwisho. Akainuka akitabasamu.

"Mmenishukuru mpaka nimeona aibu. Asanteni sana."

Nyanzala akasimama. "Samahani mzee, sasa na yale mabati..."

"Mama, kaa chini!" Abednego akamfokea. "Usituaibishe mbele ya mgeni. Yameshasemwa, tena kwa ufasaha."

Mgeni akatazama saa, akaaga, akaenda zake.

Mchana huohuo Nyanzala alifunga godoro la mwanawe kwenye keria ya baiskeli. Mwalimu akamfuata mbiombio, akamsihi asimwondoe, kwamba Minza ndiye kichwa cha shule.

"Mwalimu, mie sijasoma," Nyanzala akamwambia, akikaza mpira bila kumtazama. "Wewe uliyesoma, neno mabati lilikushinda nini kulisema?"

Akamwambia Minza atangulie.