Kovu kwenye Jalada la Biblia

Mbuzi wetu alipopotea, baba alisema walinzi wa shamba la ngano la serikali wamemla. Nikawachukia walinzi wale.

Baadaye katekista wetu wa kijiji cha Gitting, fundi wa kujalidi vitabu, aliivalisha Biblia ya kanisa ngozi ya mbuzi, nyembamba, laini kama shavu la mtoto. Pembeni niliona kovu la mistari miwili. Baba ndiye aliyemchoma mbuzi wetu hivyo kwa chuma cha moto, kumtibu alipougua.

Kumbe mwizi ndiye anayetuhubiria! Nikamfuata nje.

“Shikamoo. Ngozi hii umeitoa wapi?”

“Marahaba. Aliileta baba yako.”

Jumapili iliyofuata baba alisoma somo kwa sauti nzuri, kidole gumba kimeziba kovu.