Baba Alivyotutafutia Chuo Bagamoyo

Wenzangu mliocheza mdako kwenye vibaraza vya Bagamoyo kabla Mdachi hajapandisha bendera yake, mtanisamehe nikicheka. Majuzi mke wa mwanangu amehamia hapa kutoka Dar es Salaam, na siku tatu nzima amezunguka mji akiwatafutia watoto wake shule. Kila jioni hunipa habari. Ile ina paa la bati. Hii ina kengele. Ile nyingine wanafunzi wake huvaa kaptula nyeupe. Nikamuuliza watoto wanaosoma huko wanajua nini. Akanitazama kama niliyemtukana. Hapo nikamkumbuka baba yangu, maana naye alipotuhamishia mji huu alitafuta chuo cha Kurani kwa mtindo uleule, na kilichotupata sijakisahau.

Tulitoka Pangani. Baba, Fundi Athumani, alikuwa mchonga milango, na miaka ile Bagamoyo ilikuwa ikijenga kama iliyopagawa. Kila mfanyabiashara wa pembe aliyepata nyumba ya mawe alitaka mlango wenye maua na minyororo, na aya juu yake ili jirani aumie roho. Baba alikuwa hodari. Akipewa karatasi yenye aya, aliihamishia kwenye ubao wa mvule kwa patasi, herufi kwa herufi, na tulidhani hata nukta hazikumpotea. Kwa ajili hiyo watu wote, na sisi wa nyumbani tukiwa wa kwanza, tuliamini kwamba Fundi Athumani ni msomi. Naye hakumsahihisha mtu.

Bibi, mama yake baba, alikataa kuhama. Alisema Bagamoyo ni mji wa wapitaji, hakuna anayekijua kitanda chake, akabaki Pangani na kuku wake na jirani zake.

Mimi niliupenda mji huu tangu siku ya kwanza. Nilikuwa na miaka tisa hivi, mdogo wangu Bakari saba. Asubuhi tuliamshwa na harufu ya vitumbua vya jirani na ya samaki wa chumvi kwa pamoja, na mpaka leo nikila kitumbua kisicho na harufu ya samaki naona kimepungukiwa. Misafara ikiingia kutoka bara, wapagazi wakipuliza baragumu na kuvalia nguo zao za fahari, tuliacha kila kitu tukawafuata mpaka miguu ikauma. Hatukuwa na viatu wala hatukuvitaka. Wajukuu wangu siku hizi wakitembea kutoka hapa hadi sokoni huomba kupumzika njiani.

Basi baba akasema Bakari lazima aingie chuoni. Mimi sikutajwa. Mama akauliza chuo gani, na baba akajibu kwamba hilo ni kazi ya mtu anayejua elimu, akavaa kanzu safi na kofia ya vito iliyotariziwa, akatoka.

Alikagua mji kwa siku mbili. Aliporudi alituketisha akatueleza kama liwali anayesoma hukumu. Chuo kizuri kuliko vyote, alisema, ni cha Mwalimu Kombo. Kwa nini? Kwanza, kilemba cha mwalimu kilikuwa kikubwa. Pili, bakora yake ilikuwa ya mkwaju, imenyooka, si vijiti vya kuokoteza. Tatu, wanafunzi wake arobaini walisoma kwa pamoja, na kelele zao zilisikika mpaka forodhani. Cha pili kwa ubora kilikuwa cha Mwalimu Faraji, ambaye wanafunzi wake walikuwa na adabu kubwa, hata baba alipofika hakumsikia hata mmoja akitoa sauti. Kulikuwa na mapadri pia, nje kidogo ya mji, lakini baba alipofika njia ya kwenda kwao aligeuka kama aliyekanyaga kaa la moto. Kule hatukwenda, kwa hiyo sina la kusema juu yake. Na kulikuwa na Bi Zuhura, mjane aliyefundisha watoto wa kike uani kwake huku akisuka mikeka. Huyo baba alimtaja akicheka.

Mama hakucheka. Alikuwa mtu wa maneno machache, na maneno yake machache yalikuwa mabaya kuliko mengi ya wengine. Alisema kilemba hakisomi. Akataka kujua kama wanafunzi wa Mwalimu Kombo wanaweza kusoma kitu wasichokijua. Baba akasema hayo ni maswali ya wanawake, akaenda kazini.

Nyumbani kwetu hakukuwa na maandishi ila msahafu na barua moja. Barua hiyo ililetwa na mtu wa Pangani aliyekuja kuuza sukari guru. Baba aliipokea mbele yetu, akaikunjua, akaitazama kwa makini tangu juu hadi chini, akatuambia Bibi hajambo, anasalimu watu wote, na kuku wametaga. Kisha akaiweka kwenye sanduku lake la patasi. Mama akaona barua ya salamu haina madhara ikitumiwa kuwapima wasomi hao. Akaitoa, akanifunga ukaya kichwani vizuri, akanituma nianze kwa Mwalimu Kombo, nimwambie mwanafunzi wake mkubwa kwamba mama anaomba asomewe.

Nilikwenda. Mwanafunzi mkubwa alikuwa kijana aliyeanza kuota ndevu. Aliipokea barua kwa mikono miwili, akaweka kiganja sikioni, akafumba macho, akasoma sura ya Alhamdu yote kwa sauti tamu kabisa. Alipomaliza akanirudishia. Kusoma Alhamdu ni jambo jema, na aliisoma vizuri, lakini Bibi yangu hakuwa ameiandika. Nilimwambia mama, na mama akaniuliza mara mbili kama macho yalikuwa yamefumbwa kweli.

Siku ya pili nikaenda kwa Mwalimu Faraji. Hapo ndipo nilipojua kwa nini wanafunzi wake hawakusikika: walikuwa shambani kwake, upande wa Kaole, wakipalilia mihogo. Mwalimu mwenyewe alikuwa kibarazani. Nikamwamkia, akaitikia, akaichukua barua. Aliisogeza mbali, akaisogeza karibu, akasema mwandiko wa watu wa Pangani ni mbovu, niwaambie waandike upya.

Siku ya tatu mama alikuja nami mwenyewe kwa Bi Zuhura. Uani palikuwa na wasichana sita, kila mmoja na ubao wake, na kibakuli cha wino wa masizi katikati. Bi Zuhura hakuwa na kilemba wala bakora. Alikuwa na ukili wa mkeka mdomoni. Alipoelezwa shida yetu hakuinuka. Alimwita msichana mdogo kuliko wote, Mwanaidi, mwenye kamasi na kidole chenye wino, akamwambia asome.

Mwanaidi akasoma. Alisoma kama watoto wasomavyo, neno moja baada ya jingine, bila kupanda wala kushuka, kwa hiyo ilituchukua muda kuelewa alichokuwa akisema. Alisema kwamba baada ya salamu, mama yako ni mgonjwa, hawezi kuinuka tangu mwezi uandame, anakutaja asubuhi na jioni, ukipata barua hii usilale, njoo.

Akafuta kamasi, akauliza kama aendelee, kwa sababu kulikuwa na majina ya wanaosalimu.

Mama alimwomba asome tena. Mwanaidi akasoma tena, na maneno yalikuwa yaleyale. Barua ile ilikuwa imekaa kwetu siku kumi na mbili.

Tulikwenda moja kwa moja alipokuwa baba. Alikuwa amechuchumaa mbele ya mlango wa tajiri mmoja, vumbi la mvule kwenye nyusi. Mama hakupaza sauti, hata fundi mwingine aliyekuwa kando ya baba hakugeuka.

"Baba Hawa," alisema, akimwita kwa jina langu, "mama yako mgonjwa. Anakuita."

Baba akasema nani kazua hayo, barua kaisoma mwenyewe, ni salamu. Mama akamnyooshea ile karatasi.

"Basi nisomee."

Aliipokea. Nakumbuka alijipangusa mikono kwanza, kwenye kanzu, akaishika kwa ncha za vidole. Aliitazama muda mrefu. Mimi nilisimama pale nikiomba Mungu asome, lolote, hata Alhamdu.

"Sijui kusoma, Mama Hawa," alisema. "Najua kuchonga."

Hakuna aliyecheka, ingawa siku mbili nzima alikuwa amepita mjini akiwapima walimu. Aliweka patasi chini, akaomba ruhusa kwa mwenye nyumba, na kabla ya adhuhuri alikuwa amekwisha kuvuka mto Kingani kwa mtumbwi. Alipita Winde, akapita Saadani, akitembea na kulala popote miguu ilipokataa. Siku ya nne alasiri akaingia Pangani, akakuta mikeka ya matanga imetandikwa uani kwao. Bibi alikuwa amezikwa juzi yake.

Majirani walimwambia kwamba mpaka mwisho Bibi aliuliza kama barua imefika. Wao walimwambia imefika, mwanao yuko njiani. Walimdanganya kwa wema.

Baba alirudi baada ya arobaini, amekonda, ndevu zimeingia mvi upande mmoja. Hakueleza mengi. Alimwambia mama awapeleke watoto kwa yule mjane.

"Bakari?" mama akauliza.

"Wote wawili."

Bakari aliingia kwenye ua uliojaa wasichana, na vijana wa Mwalimu Kombo walimzomea njia nzima kwa mwaka mmoja. Alilia sana. Lakini alipofika miaka kumi alikuwa akiwaandikia baba zao barua, na zomeazomea ikakoma yenyewe. Mimi, ya mwanzo kabisa niliyoyasoma nje ya ubao wangu yalikuwa maandishi ya baba. Nilikuwa nikipita mtaani nikiinua macho kwenye milango yake, na kwenye mlango mmoja nikaona jina la mwenye nyumba limerukwa herufi, hata tajiri yule mwenye majivuno akawa anaitwa kitu kingine mbele ya mji mzima. Nilikaa kimya. Naye tajiri hakujua mpaka anakufa, kwa kuwa alikuwa amesoma kwa mwalimu mwenye kilemba kikubwa.

Baba hakujifunza kusoma. Alisema kichwa chake kimekuwa kigumu kama mvule. Ila tangu mwaka ule barua ikiingia kwetu ilifunguliwa palepale mlangoni, kabla aliyeileta hajapewa maji, na baba alisimama mbele yangu, mikono nyuma, mpaka niseme jina la mwisho la anayesalimu.

Sasa tazameni siku hizi. Kuna shule zenye madawati, kuna posta, barua ya Pangani inafika ikiwa na stempu na muhuri. Watoto wanajua kusoma na kuandika, na kufanya hesabu za treni zinazopishana, treni ambazo wengine wao hawajaziona. Mke wa mwanangu amechagua ile yenye kengele. Sikubishana naye, kengele ni nzuri, inaamsha hata sisi wazee.

Wajukuu wangu wanne wakubwa wote wamesoma. Mmoja yuko Tanga, wawili Dar es Salaam, mmoja karani Morogoro. Kwa ajili yao nilijifunza herufi za Kizungu uzeeni, macho yakitoka maji. Mwezi wa Ramadhani niliugua homa, nikawaandikia kwamba sijiwezi, waje wanione. Mpaka leo hajafika hata mmoja, ila wamenijibu wote wanne, upesi sana, na kwa mwandiko mzuri.