Nyumba Iliyokufa kwa Kalamu Yangu

Siku yangu ya kwanza kazini sikumwelewa mteja wa kwanza, na alikuwa akizungumza Kiswahili. Nilikuwa nimerudi Rwanda kutoka Karagwe, Tanzania, nikijiona bingwa wa lugha hiyo, na ofisi moja ya mawakili hapa Gisenyi, mpakani na Kongo, ikanichukua niwe karani mfasiri. Mteja akasema, "Mi nilikuyaka jana, nikakuta mutu haiko." Kumbe alisema alikuja jana asikute mtu. Mkuu wa ofisi, wakili mwenye haraka tuliyemwita Maître, alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akanipa amri niliyoishika miaka yote: "We kazi yako si kufikiri. Mutu akisema, andika kile alisema. Bon, endelea."

Nikaandika. Nilipelekwa Rubona, bandarini, nikaandikia wenye mitumbwi na wasafirishaji, nikarudishwa mjini. Kufikia hapo nilidhani lugha ya watu wa hapa nimeshaimaliza.

Kisha volkano ya ng'ambo ya mpaka ikalipuka, na ardhi yetu ikatetemeka siku nzima, kesho yake tena. Kuta zikapasuka. Maître akafungua dawati la majanga: wafanyabiashara waje tuwasaidie kisheria kabla karatasi hazijawamaliza wale ambao tetemeko limewabakiza. Hatua ya kwanza ilikuwa hati ya hali, yaani maelezo ya uharibifu yenye picha na sahihi, yanayoandikwa kabla mtu hajagusa tofali. Lakini nani angesubiri? Viongozi wa mtaa waliagiza kuta zilizoinama ziangushwe, watu wa bima wakasema msiguse kitu, wenye nyumba wakasema tokeni. Wateja waliniuliza wamsikilize nani, nami sikujua. Meza yenyewe ilikuwa ikicheza, mistari yangu inapanda na kushuka.

Katika vurugu hiyo akaja Mama Zawadi, fundi wa nguo aliyerudi kutoka Kongo, mwenye karakana karibu na soko ambamo wanawake sita walishona pamoja naye.

"Nyumba iko namna gani, mama?" nikamuuliza.

"Ee baba, nyumba imekufa."

"Imekufa kabisa?"

"Imekufa, si nakuambia! Andika, mashini zangu ziko ndani."

Nikaandika kwa Kiswahili changu safi: jengo limeangamia lote. Nikamsomea haraka, ardhi ikatikisika, akaweka sahihi akiwa mguu mmoja nje ya mlango.

Mkataba wake wa pango ulikuwa na kifungu cha kawaida. Jengo likiangamia lote kwa janga lisilozuilika, mkataba unakoma papo hapo. Likiharibika sehemu tu, mpangaji ana haki ya kungoja litengenezwe na kurudi. Mwenye nyumba alikuwa na hamu ya kujenga ghorofa mahali hapo. Kwenye kikao cha usuluhishi, ofisini kwetu, akainua hati yangu juu: "Yeye mwenyewe alisema jengo imeangamia yote. Donc, atoke."

Mama Zawadi akanigeukia. "Mi nilisema hivyo?"

"Ulisema imekufa."

"Ndiyo, imekufa! Ukuta mumoja umepasuka. Mi nilisema imeanguka?"

Karagwe, kilichokufa kinazikwa. Nilimwandikia mtu hasara asiyoipata, na wanawake sita wangekosa pa kushonea. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kazini. Nikamnong'oneza Maître kwamba kosa ni langu. Akanikazia macho: "Ulifikiri?" Sikujua kama ananilaumu kwa kufikiri au kwa kutofikiri. Nikaomba tu twende tukaione nyumba.

Tulikwenda kwa miguu, sote wanne. Nyumba ilikuwa imesimama, ufa mmoja umeshuka kutoka dirishani mpaka chini. Mwenye nyumba akatoa ufunguo, akauzungusha, mlango ukagoma. Akatugeukia, mpole kama mwenyeji yeyote: "Mutusamehe. Kitasa imekufa. Ngoja nisukume, itafunguka."

Maître akavua miwani. "Kitasa imefanya nini?"

"Imekufa, Maître. Ni ya kutengeneza tu..."

Hapohapo akalisikia neno lake mwenyewe, akaachia kitasa. Mama Zawadi alipiga makofi mara moja, akapita mbele yake, akausukuma mlango kwa bega, akaingia kuangalia mashini zake. Mchana huohuo niliandika hati mpya, jengo limeharibika sehemu, na mwenye nyumba akatia sahihi bila kunitazama. Ukuta ulipozibwa, wanawake walirudi kushona.

Vijana mnaoingia kazi hii mnaniuliza somo ni lipi. Niwaambie mwandike alichosema mtu, kama nilivyoamriwa? Au alichokusudia? Niliandika neno lake kwa maana yangu, nikidhani nimetii. Mpaka leo sijui amri ile niliivunja siku ipi, ya hati ya kwanza au ya pili.

Nilipostaafu, nilipita karakanani kuaga. Mama Zawadi aliinua macho kutoka kwenye cherehani.

"Donc, mzee, kazi imekufa?"

Kabla sijajibu akanivutia kiti, akanipa shati langu lililochanika kwapa, nililomwachia wiki iliyopita, tayari limeshonwa.