Sahani ya Bi Zuhura

Juzi mwanangu, anayesoma historia ya Marekani shuleni kwake Bawshar, huku Oman, alinambia mwalimu anataka kila mwanafunzi auzungumze utumwa bila ya kuficha. Nikasikia harufu ya samli.

Na mimi nililisoma somo hilo. Mchana mmoja nilimsomea baba insha yangu sebuleni, ya watumwa waliolishwa mbali na mabwana zao, udi ukifuka. Akasonya. "Hawana imani Wamarekani! Binaadamu mwenzio unamlisha mbali kama paka?" Kisha akaita, "Zuhura, kahawa!"

Bi Zuhura, ambaye bibi yangu alihama naye kutoka Unguja kama alivyohama na makasha yake, alitumiminia, akarudi jikoni, kunakonukia samli, kula peke yake kwenye sahani yake. Mimi nikidhani anapenda harufu ya samli.

Insha ilipata alama zote. Baba aliitundika ukutani, na Bi Zuhura ndiye aliyekuwa akiipangusa vumbi.